Mkoba wa Valary

"Usiuguse mkoba, Keziah. Mpaka mnunuzi ajitokeze."

Ilikuwa sauti ya Hillary, bosi wake aliyebaki Riyadh, ikitoka kwenye kidude kidogo alichokificha sikioni.

"Na anayeubeba?"

"Polisi wa hapa watamkamata yeyote watakayemkuta nao. Hilo haliko mikononi mwetu. Halas, basi."

Keziah, jasusi wa Kenya, aliendelea kutembea. Mbele yake, katika vichochoro vya mji wa kale wa Jeddah, Fabrizio aliongoza watalii kumi na wawili wa Kitaliano, akiwaonyesha madirisha ya mbao na kuta za matumbawe. Nyuma kabisa alikuja Valary, yaya wa familia moja ya Kitaliano ya mtaa wa Malaz, Riyadh. Alikuwa amembeba mtoto wa madam mgongoni kwa leso. Mkoba begani.

Chini ya nepi mkobani, Fabrizio alikuwa ameficha pasipoti arobaini za Wakenya, zote za wizi.

Valary hakujua. Nani humpekua yaya?

Keziah alijua tangu walipopanda basi dogo, Coaster, hotelini Jeddah asubuhi. Saa yake ya Samsung ilinasa mazungumzo yote ya Fabrizio kwenye simu. Hata hivyo alijifanya yaya mwenzake Valary, wakaitana dada siku nzima. Aibu ilimkaa kifuani.

Mchana, mgahawa wa samaki. Watalii walijaza meza ndefu, mvinyo hakuna, kelele tele. Mayaya walipewa meza ya pembeni, karibu na choo, na sahani moja. Valary alimsogezea Keziah upande wenye nyama.

"Kula, dada. Mimi mwezi ujao mkataba unaisha, naenda home kwa watoto wangu Kakamega. Miaka minne, wacha tu!"

Keziah akalirudisha tonge sahanini. Alijiona mbaya kuliko Fabrizio.

"Shati la kijani, mlangoni," Hillary akasema, akitazama kamera za mgahawa kutoka Riyadh. "Ndiye. Usisogee."

Keziah akasogea.

"Dada, mtoto amejichafua. Shika nepi, kimbia umwoshe. Mkoba nitaangalia."

Valary akaenda.

Keziah akauvaa mkoba.

"Keziah! Unafanya nini?"

Akainuka. Shati la kijani lilimjia moja kwa moja. Mtu huyo alikuwa ameambiwa amtafute yaya Mwafrika, abaya nyeusi, meza ya pembeni. Sura hakuna aliyejisumbua kuieleza.

"Yalla, haya, lete."

Alipoushika mkoba, Keziah alimpindua mkono.

Puu! Uso kwenye mifupa ya samaki.

Fabrizio alichomoka mbio. Wahudumu wawili, kumbe ni polisi, walimdaka mlangoni. Wa tatu alimgeukia Keziah, pingu mkononi. Keziah akatoa kitambulisho cha kijasusi mbele ya mgahawa mzima. Miaka miwili ya kujificha Saudia iliishia hapo.

Valary alirudi, mtoto begani.

"Dada, mbona mtoto alikuwa msaf..." Akaziona pasipoti ambazo polisi walikuwa wamezimwaga mezani. "Hizo zilikuwa kwa mkoba wangu?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Tangu asubuhi. Nisamehe."

"Kazi safi," Hillary akasema sikioni. Keziah akakichomoa kidude, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji.

Alinyoosha mkono amguse mtoto shavuni, aage. Valary akamhamishia mtoto bega la pili, mbali na mkono huo.

Keziah alivaa miwani yake ya jua, akatoka taratibu.