Simu Kutoka Rochester

Mlango wa vioo wa hoteli, ule wa kuzunguka, ulikwama jioni ya Alhamisi wageni wa harusi wakiwa wamejaa nje na ndani. Abaya za hariri, moshi wa udi, viatu virefu vikigonga marumaru, na katikati ya vioo kiti cha magurudumu kimegoma kwenda mbele wala nyuma. Aliyekikalia ni bibi wa Kiqatari, Mama Lulwa. Aliyekisukuma ni mhudumu wake Loice, msichana mwembamba aliyevaa sare ya kijivu na kitambaa cha manjano kichwani.

"Woi! Huu ni mlango ama ni mtego wa panya?" Loice alifoka kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa.

"Ni mlango, dada. Panya hatujawahi kupata," sauti ikamjibu kutoka upande wa pili wa kioo.

Alikuwa Jeremiah, bawabu wa hoteli hiyo ya West Bay, jijini Doha, mtoto wa Kitale, koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu. Alikiegemea kioo kwa bega, kikarudi nyuma, gurudumu likanasuka. Mama Lulwa alicheka mpaka akakohoa, akauliza kwa Kiarabu kama huyo ni kaka wa Loice.

"Hapana, Mama. Simjui."

"Utanijua," Jeremiah akasema kwa Kiswahili, chini chini.

Akamjua. Loice alipata mapumziko Ijumaa mbili kwa mwezi, na baada ya ibada ya kanisani, ambayo huko ni Ijumaa, walipanda metro hadi mwisho wa njia na kurudi, kwa sababu tu ndani mna baridi na hakuna wa kuwafukuza.

"Umevaa hilo shati tena?" Loice alimtania.

"Linakujua. Nikivaa lingine utaniita anko."

Jeremiah hakuwa mtu wa kutulia. Mwezi huu alitaka kuhamia Dubai, mwezi ujao Kanada, wa tatu arudi nyumbani afuge kuku. Loice alikuwa na ndoto moja tu, uuguzi. Aliwahi kuanza chuo huko Bungoma, baba yake akafariki, akaacha. Hakuipigia kelele, lakini alipita mbele ya hospitali yoyote akipunguza mwendo.

Kisha moyo wa Mama Lulwa ukaanza kumsumbua. Wanawe wakaamua apelekwe Rochester, mji wa Minnesota huko Amerika, na bibi akasema hapandi ndege bila Loice.

Simu ya kwanza ilifika Jeremiah akiwa anakula.

"Jere, mji wenyewe ni mdogo! Eldoret inaumeza. Lakini hiyo hospitali, ni kama mji ulijengwa kuizunguka. Ukitoka hospitali unaingia hoteli, ukitoka hoteli unaingia hospitali. Kuna njia za vioo juu ya barabara na nyingine chini ya ardhi, unazunguka siku nzima theluji haijakugusa."

"Na madukani kuna nini?"

"Wigi na vilemba, vya walionyonyoka nywele kwa dawa. Mtu anakula mkahawani na utepe wa hospitali kwenye mkono. Huulizwi jina lako. Unaulizwa, 'Umemleta nani?'"

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia nimemleta mama yangu. Wananiangalia, wanamwangalia, wananyamaza."

Jeremiah alicheka hadi wali ukampalia. Lakini alipokata simu, chumba kilionekana kidogo, akatoka kutembea bila kujua anakwenda wapi.

Wiki zikapita. Siku moja, katika njia ya chini ya ardhi, mwanamke aliyeitwa Scovia alimsikia Loice akimnung'unikia Mungu kwa Kiswahili, akamkumbatia papo hapo. Scovia alikuwa Mganda, alihudumia wazee katika nyumba moja ya mji huo. Alimwambia mji wote unahitaji mikono: kazi ipo, chuo cha uuguzi kipo, na kanisani kwake kuna wakili wa kuwasaidia wanaotaka kubaki.

Loice alimpigia Jeremiah, naye Jeremiah alikuwa ndani ya basi la wafanyakazi wa hoteli.

"Niambie, mpenzi. Nifanye nini?"

Moyo wa Jeremiah ulisema rudi. Mdomo wake ukasema, "Baki."

"Umesemaje?"

"Baki huko, Loice. Hapa kuna nini?"

Sauti ya Loice ikawa ndogo: "Kwa hivyo wewe uko sawa tu."

"Niko sawa."

"Haya."

Baada ya hapo ujumbe wa Jeremiah ulisomwa bila kujibiwa, kisha haukusomwa tena. Jeremiah akawa hakai. Akitoka zamu alitembea kando ya bahari kutoka West Bay hadi makumbusho, shati likimgandia mgongoni. Alianza maombi ya kazi ya Kanada, akaacha katikati. Alimfokea mgeni, meneja akamwonya.

Ijumaa moja kanisani, Melissa, rafiki wa Loice, alimshangaa. "Kwani hamjaonana? Si alirudi wiki jana!"

Jeremiah hakungoja neema ya kufunga ibada. Jioni hiyo, kabla ya zamu, akiwa tayari ndani ya koti lake la vifungo, alifika The Pearl, mtaa wa kando ya bahari, alikojua bibi hupelekwa kupunga upepo. Akawakuta mbele ya boti nyeupe za matajiri. Loice alikuwa amekonda.

"Ulirudi bila kuniambia."

"Ningekuambia ili uniambie nigeuze?"

"Loice..."

"Ngoja. Kule nilimwona mzee mmoja. Kila asubuhi anamsukuma mkewe, mke anamwambia nenda ukalale, yeye anasema siendi. Hivyo tu. Na wewe nilikuuliza mara moja, ukanifungulia mlango kama mgeni wa hoteli!"

"Nililia ndani ya basi," Jeremiah akasema. "Watu wote wananitazama. Niliogopa ungerudi kwa ajili yangu, kisha siku moja uniangalie uone mtu aliyekunyima uuguzi."

"Kwa nini hukuyasema hayo?"

"Ningeyasema, usingebaki."

"Na sikubaki, mjinga wewe!"

Mama Lulwa akauliza kijana anataka nini.

"Sikukataa chuo," Loice akasema, sauti imeshuka. "Nimeomba nafasi kule Rochester, nikiwa hapa hapa, kwa utaratibu wao. Wakinikubali nitaenda. Sitaki kwenda kama mtu aliyefukuzwa."

"Basi nenda ukiwa mke wangu."

Loice akajifuta macho kwa kitambaa cha bibi. "Huna hata pete."

"Sina. Sema ndiyo kwanza."

Akasema.

Walioana Kitale mwezi wa Desemba, mvua ikiwanyeshea wapiga picha. Chuo kilimkubali Loice mwaka uliofuata. Jeremiah alinyimwa viza ya kumfuata, akaomba tena, na majibu yalikuwa bado hayajatoka siku alipomsindikiza uwanja wa ndege wa Doha, akihamisha uzito mguu hadi mguu, begi la mkewe begani.

Walifika mahali ambapo msindikizaji hupaswa kurudi.

"Sasa sema la moyoni," Loice akamwambia.

"Usiende."

Loice alitabasamu machozi yakimtoka. "Asante," akasema. Akaufinya mkono wake, akachukua begi, akaenda.