Mkanda Ulioanza na Jeneza

Jumatatu asubuhi Ogeto alipouchukua mkanda wake mpya wa kazi kutoka kwenye msumari wa ukutani, aliukuta una joto. Halikuwa joto la jua, maana ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya majani chai pale Gesima na bati la karakana lilikuwa likidondosha umande. Lilikuwa joto la mwili, lile linalobaki kitini mtu anapoinuka. Ogeto aliugusa tena, akajicheka, akaufunga kiunoni na kuanza kupiga randa.

Mwenye akili zake angeutupa papo hapo, lakini nani angeutupa mkanda kama ule? Alikuwa ameshonewa na fundi wa viatu wa Suneka, ngozi nene ya ng'ombe, yenye mifuko mirefu ya misumari na kitanzi cha nyundo. Siku alipouleta nyumbani ulikuwa mgumu kama ubao. Kila anayejiona bingwa wa ngozi alimpa shauri lake: upake samli, uvae kutwa nzima, ujaze misumari, ukikuuma mbavu vumilia. Ogeto, ambaye kwa vifaa vyake alikuwa na maringo kuliko bibi harusi, aliumwagia samli mpaka mkewe Drusilla akamuuliza kama anataka kuukaanga.

Kazi ya kwanza ya mkanda huo ilikuwa jeneza. Hakuipenda, lakini kazi haichaguliwi siku ya msiba. Mzee Masese, seremala wa zamani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa ameaga dunia baada ya kuugua sana, na familia ilitaka azikwe Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Ogeto alikwenda mwenyewe kumpima. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, ile ya kafuri inayopanda mpaka machoni.

Maseremala wa vilima vile hawampimi maiti kwa tepu. Tepu hiyohiyo kesho itapima kitanda cha maharusi, nani atalala juu yake? Huchanwa kamba ya mgomba, ikavutwa kutoka kisigino hadi utosi, ikakatwa. Jeneza likiwa tayari, kamba huwekwa ndani pamoja na mwenyewe, aondoke na kipimo chake. Ogeto aliikunja ile kamba akaitumbukiza kwenye mfuko wa mkanda. Ijumaa ya mazishi mvua ikaja, jua likawa linashuka, mzee wa kanisa akawa anatazama saa, wabebaji wakawa wanafokeana kwenye matope. Ogeto alikaza skrubu za kifuniko, akatoa pole zake, akarudi nyumbani kuoga. Kamba ilikuwa imezama chini ya misumari, imenata kwenye samli, na yeye hakuikumbuka kabisa.

Wiki hiyo mkanda ulilainika ajabu. Ngozi ambayo ingehitaji miezi kumtii mtu ilijikunja na kujikunjua kama nguo kuukuu. Ogeto alifurahi, akaenda akiuonyesha sokoni.

Jumamosi, watu walipokuwa wanatoka kanisani, Nyasani, yule mzee wa kanisa, alimvuta kando.

"Ndugu Ogeto, Sabato njema. Lakini hii maneno ya nyundo tutaongea."

"Nyundo gani, mzee?"

"Hiyo imepigwa tangu asubuhi kwa karakana yako. Wamama hata mahubiri hawakusikia vizuri."

"Mzee, mimi si nilikuwa nimekaa nyuma yako?"

Nyasani alikumbuka kwamba Ogeto alikuwa amemwimbia besi sikioni ibada nzima. Walitazamana, kisha kila mmoja akatafuta njia yake.

Kufuli la karakana lilikuwa limefungwa vilevile. Ndani, sakafu ilikuwa nyeupe kwa maranda mabichi. Mbao za saiprasi alizonunua kwa ajili ya kabati la mteja zilikuwa zimekatwa, zimepigwa randa, na mbili zimeunganishwa kwa kazi safi ya kizamani isiyo na msumari hata mmoja. Mkanda ulining'inia mahali pake. Ogeto aliushika, ukawa moto, na humo mlikuwa na harufu ya kafuri. Alizitenganisha zile mbao, akazirundika nyuma ya mlango, na akajiambia kuwa kuna mhuni mwenye ufunguo.

Hakumwambia Drusilla. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza baada ya kuharibikiwa mara mbili, na Ogeto alikuwa akiitunza mimba ile kwa hofu kama mtu anayebeba yai kiganjani akivuka mto. Hakutaka neno lolote baya liingie nyumbani mwake.

Liliingia lenyewe. Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga bati mpaka mtu asisikie sauti yake, na Ogeto akakimbilia nyumbani. Ilipopungua alikuwa bado amesimama mlangoni akivua viatu vyenye matope. Drusilla alikuwa amejilaza kitandani, uso ukutani.

"Tiga, Ogeto," alisema kwa sauti ya usingizi. "Acha kunipima."

"Nani anakupima?"

"Si wewe? Umenivutia kitu kutoka kwa kisigino mpaka kichwa."

"Drusilla, mimi nimeingia saa hii. Niko hapa kwa mlango."

Drusilla akanong'ona, bila kugeuka, "Basi usiongee kwa nguvu."

"Kwa nini?"

"Bado ameshika hapa kwa kichwa."

Ogeto alivuka chumba kwa hatua moja, akamkumbatia mkewe, akapapasa hewa juu ya nywele zake. Hakukuwa na kitu, ila harufu ya kafuri iliyomkwaruza koo. Tangu siku hiyo miguu ya Drusilla ilikuwa baridi hata ikiwekwa karibu na moto. Chakula kilimshinda, na mtoto, aliyekuwa akirusha mateke, akawa anasogea kwa uvivu, kisha kwa nadra. Kliniki walisema yuko sawa, ale matunda. Ogeto alijua kwamba hayuko sawa.

Kanisani walifundishwa kwamba wafu wamelala na hawatembei. Ogeto aliliamini fundisho hilo kwa moyo wote, hadi Sabato iliyofuata, alipoacha kwenda ibadani na kujibanza nyuma ya karakana yake mchana kweupe, jicho kwenye ufa wa ubao.

Mwanzoni aliona benchi tu. Wimbo wa kwanza ulipoanza kule kanisani, mkanda ulitikisika ukutani, ukajivua kwenye msumari taratibu kama unavyovuliwa na mtu asiye na haraka, ukazunguka kiuno kisichokuwepo, kiuno chembamba cha mgonjwa, bizimu ikajifunga yenyewe, na ukaanza kwenda huku na huku kandokando ya benchi, mifuko ikibembea, misumari ikilia ndani yake, na nyundo ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, huku maranda yakijimwaga sakafuni na harufu ya kafuri ikipenya kwenye ufa mpaka Ogeto machozi yakamtiririka, asiweze kukohoa wala kukimbia wala kuyafumba macho, kwa maana sasa alikuwa amekiona kile kilichokuwa juu ya benchi. Lilikuwa jeneza, karibu kwisha. Lilikuwa fupi mno kwa mwanamume. Na kifuniko chake hakikuwa bapa kama vifuniko vingine. Kilikuwa kimeinuliwa katikati, kimepindwa kwa ustadi mkubwa, kutoa nafasi ya tumbo.

Nyundo ilisimama. Mkanda uligeuka ukaelekea ufani, ukatulia hapo, bizimu ikimtazama.

Ogeto hakumbuki alivyoingia wala alivyounyakua mkanda ule. Anakumbuka tu kwamba alikuwa akikimbia kuteremka kijitoni, mkanda mkononi ukimchoma kama sufuria, na akilia kwa sauti kama mtoto.

Nyanchoka, mjane wa Masese, alikuwa anachambua mboga uani. Aliutazama mkanda, akanusa, akaweka kisu chini.

"Ulimzika na kamba yake, tata?"

Hapo ndipo Ogeto alipokumbuka. Alitia mkono mfukoni, chini ya misumari, akaivuta. Ilitoka na samli, laini, fupi kuliko alivyoikata. Nyanchoka aliishika ncha moja, akainyoosha, na uso wake ukabadilika.

"Hii si ya mzee wangu. Masese alikuwa anainama kwa huu mlango. Hii ni ya nani?"

Ogeto hakuhitaji kuambiwa. Kamba ile ingeishia utosini mwa Drusilla.

"Niizike haraka," alisema. "Nimrudishie."

"Yaya, hapana! Ukizika hii, umezika mwenye hicho kipimo. Umemwacha mtu bila kipimo chake, amekaa kutafuta kingine, na amepata kwako."

"Niichome basi."

"Uchome mtu na mtoto wake?"

"Niweke kipimo cha mbuzi. Nitanunua mbuzi hata leo."

"Masese hakuwa mbuzi," mama yule alisema, na hakuwa anatania. Aliokota kisu chake cha mboga, akaongoza njia ya kwenda kaburini. "Ningetoa changu, mwanangu, mimi nimeshazeeka. Lakini kamba iliingia kwa mkanda wako. Atakubali tu kipimo cha mtu wa nyumba yako."

Walisimama kaburini, udongo wake bado mwekundu. Kutoka ng'ambo ya kijito, kwa mbali, ulisikika wimbo wa kufunga ibada. Ogeto alimfikiria Drusilla kitandani na miguu yake baridi. Aliogopa, tena sana. Kisha akalala chali kwenye nyasi kando ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Ungia hapo, mama. Iongeze mpaka inifikie, iwe kipimo changu."

"Una uhakika?"

"Ungia kabla sijainuka."

Nyanchoka alichana mgomba, akaunga kipande kwenye kile kifupi, akakivuta kutoka kisiginoni mwa Ogeto hadi utosini, akafunga fundo. Alichimba kwa kisu cha mboga upande wa kichwa cha mumewe, akaishindilia kamba ndani na mkanda juu yake, akafukia. Harufu ya kafuri ikakatika ghafla, kama taa inapozimwa.

"Atakuja lini?" Ogeto aliuliza, akipangusa nyasi mgongoni.

"Sijui, omwana one, mwanangu. Yeye hata meza moja alikuwa anaitengeneza mwaka mzima."

Jioni hiyo Drusilla alikula ugali na mboga, akaomba tena. Akaushika mkono wa Ogeto akauweka tumboni, na mtoto akaupiga teke la nguvu mpaka wote wawili wakashtuka. Ogeto aliinama akaficha uso wake begani mwa mkewe. Hakumwambia kitu, na hadi leo hajamwambia.

Jumapili alfajiri alilibomoa lile jeneza, akazipiga randa mbao za kabati la mteja upya. Kisha akatoa mbao nzuri alizokuwa amezihifadhi, akaanza kitanda cha mtoto. Drusilla alipomletea chai alikuta miguu yote minne imeshachongwa. Kando yake palikuwa na mbao nyingine zilizokwisha kupimwa: za kitanda kikubwa, cha mtoto akishafika umri wa shule, za meza ya kusomea, na za sanduku la nguo.

Drusilla alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akacheka.

"Mbona haraka hivi? Kwani unaenda wapi?"

Ogeto naye alicheka, akasema haendi popote, na akamwomba amshikie ubao upande ule mwingine.