Tope Kwenye Kabati la Mofini

Kabati lilikuwa wazi, kufuli zima, na chupa tatu za mofini hazionekani.

"Zilikuwa hapa jana jioni," alisema Sista Edinah, muuguzi mkuu wa hospisi ndogo ya jamii iliyo kando ya soko la Suneka. "Ndiyo akiba yetu yote, Inspekta."

Inspekta Benard Odoyo aliinama kutazama kufuli. Miaka sita ya kazi Kisii ilikuwa imemfundisha kutoharakisha maswali.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango."

"Nani anajua?"

"Sote. Wauguzi wawili na wahudumu kumi na mmoja wa kujitolea."

"Lo! Huko si kuficha, Sista. Huko ni kutangaza."

Sista hakucheka. "Kuna Mzee Abner Ratemo kule Tabaka. Saratani imeingia kwenye mifupa. Alianza mofini Jumatatu, anainywa kila baada ya saa nne. Chupa iliyo nyumbani imebaki na dozi moja tu, ya saa sita mchana. Nimepiga simu Kisii, nimepiga Nyamira, hadi Nyaramba. Mapema kabisa ni Jumatatu."

"Na leo ni Ijumaa."

"Saa kumi jioni maumivu yatarudi, Inspekta. Na yakirudi, yatarudi na hasira."

Mama mzazi wa Odoyo alikufa Homa Bay akiuma shuka, kabla ya yeye kulisikia hata neno hospisi. Jambo hilo lilimuuma mpaka leo.

Alirudi kwenye kabati. Dawa za usingizi, zile ambazo wahuni wa mjini wangezigombania, zilikuwa zimepangwa rafu ya juu, hazijaguswa. Basi mwizi hakuja kutafuta cha kuuza. Ndani ya mlango wa kabati aliona michirizi mitatu myeupe ya vidole. Aliipuliza. Haikutikisika. Aliikwangua kwa ukucha, ikabanduka vipande vipande kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Alama zenyewe zilikuwa zimevurugika, hazingefaa kitu kwenye maabara.

"Jiwe la Tabaka hilo, lile laini la kuchongea vinyago," alisema Konstebo Duke, mwenyeji wa huko huko. "Tutafute mchongaji, afande."

"Kuna mchongaji aliyekuja hapa jana?"

Sista Edinah alishika kifua. "Haron, mtoto wa Mzee Ratemo. Lakini Haron aibe dawa ya babake?"

"Chukua koti, Sista. Twende wote."

Walipomaliza kuipekua nyumba ya Haron kule Tabaka, kila pembe, bila kupata hata kizibo, ilikuwa saa tisa na robo. Wakamkuta mwenyewe uani kwa babake, chini ya kibanda cha mabati, akichonga twiga.

"Jana ulifuata nini hospisini?"

"Kuuliza kama dawa ya Tata, baba yangu, ipo."

"Ukaambiwa?"

"Ipo. Nikarudi na furaha yangu."

"Kabati uliligusa?"

"Afande, nimwibie mzee wangu mwenyewe? Ili nipate nini?" Haron alisimama kwa hasira, akakung'uta suruali. Vumbi jeupe likamvamia Konstebo Duke, akapiga chafya tatu mfululizo.

Odoyo alilitazama vumbi lile likitua, kisha likipeperuka tena kwa upepo kidogo tu. Lilikuwa kavu. Halikushika popote.

Akageuka upande wa pili wa ua. Wanawake sita walikuwa wameketi kando ya mabeseni ya maji, wakisugua vinyago kwa msasa. Tabaka kazi ina mipaka yake: wanaume huchonga, wanawake husugua. Mikono yao ilikuwa imejaa tope jeupe mpaka kwenye viwiko, na lilipokauka lilikuwa limeganda.

"Duke," alisema Odoyo, "tangu asubuhi tunamfukuza mwenye vumbi. Mwizi wetu ana tope."

Wanawake walikuwa wameshainuka. "Dawa ya mzee imepatikana?" waliuliza. Mmoja tu hakuinuka. Alikuwa na kitambaa cha zambarau kichwani, kile cha wahudumu wa hospisi. Ni Kwamboka, dadake Haron. Alikuwa akimsugua kiboko ambaye alishalainika zamani.

"Dada, mbona wewe huulizi?"

Kwamboka aliendelea kusugua.

"Jana ulikuwa hospisini?"

"Tulikuwa na mkutano wa wahudumu."

"Ulinawa kabla ya kwenda?"

"Nilikuwa nimechelewa."

"Na mbona unalikumbatia beseni?"

Kutoka ndani ya nyumba ulisikika mguno wa Mzee Ratemo, mrefu, wa mtu anayejikaza. Kwamboka alifumba macho. Kisha akatumbukiza mkono majini, akasogeza mawe, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na chupa tatu, lakiri zake hazijavunjwa.

"Ni mimi. Nifungeni!" alilia. "Lakini msimpe Tata! Mama alipewa dawa hii hii, siku ya tatu akafa. Na Tata tangu Jumatatu analala tu, analala tu. Hii ni dawa ya kumaliza watu! Nilikuwa namwokoa!"

Odoyo alizigusa pingu kiunoni, akaziacha hapo hapo.

"Twende ukamwambie mwenyewe."

Mzee alimsikiliza bintiye mpaka mwisho, jasho likimtiririka kwenye paji la uso. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, polepole, ili Odoyo asiachwe nje.

"Kwamboka, mama yako aliuawa na saratani. Miezi miwili alilia, hata jina langu alishindwa kutaja. Alipopewa dawa hii, tuliongea. Alinitania. Akaniaga. Siku hizo tatu ndizo ninazozikumbuka kila nikiamka. Mimi unaninyima zangu?"

"Na usingizi ule, mwanangu," Sista Edinah aliongeza, "mtu aliyekesha hivyo, maumivu yakimwachilia, si atalala?"

Kwamboka alilia kwa kwikwi. Halafu akatoka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akarudi.

"Ni mililita ngapi, Sista?"

Alipima mwenyewe, akamnywesha mwenyewe. Saa kumi kamili.

Kabla ya saa kumi na moja, paji la uso la mzee lilikuwa limekunjuka. Akaagiza ugali na mboga ya chinsaga. Wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka machimboni, na Odoyo, mtu mzima na cheo chake, akajifuta macho bila haya. Sista aliondoa malalamiko yake, na tangu siku hiyo akaanza kuuvaa ufunguo shingoni.

Jumapili ya pili Odoyo alipita kusalimia. Mzee Ratemo alikuwa ameketi juani, amefunikwa blanketi, akigomba.

"Haron! Huyo ni twiga au mbuzi? Lete hapa!"

Alishika patasi kwa mikono myembamba, akainyoosha shingo ya twiga taratibu mpaka ikaridhisha jicho lake. Kisha akampa Kwamboka.

"Sugua vizuri," alisema. "Na unawe mikono kabla ya saa kumi."