Sauti Chini ya Mvumo

Aliyenieleza kwanza habari ya redio ile ni Swabra, wifi yangu wa Mtongwe, tukimenya muhogo uani kwake. Alinong'ona, na kila mara aligeuka kutazama mlango wa sebule.

Redio ilikuwa ya marehemu baba wa Hashim, mumewe. Hashim ni fundi wa redio, na alitamani kusikia tena idhaa moja ya mbali ya masafa mafupi, iliyokuwa ikitoa qasida baada ya Magharibi. Mzee aliipenda sana. Lakini siku hizi kila nyumba ina taa na chaja zinazovuma, na ukuta wa pili yuko Kyalo na mashine yake ya kuchomelea vyuma. Hashim akamfokea Kyalo hadi akakubali kuizima jioni. Kisha akafungua redio, akatia kichujio kipya.

"Ni kama kifumbu chako cha tui," alimwambia mkewe. "Machicha yabaki, tui lipite."

Kweli, mvumo ulikatika. Qasida ikatoka safi, Hashim akalia kidogo. Idhaa ilipofunga, redio ikanyamaza kabisa, lakini mshale wake ukawa wapanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mbona wacheza na hakuna sauti?" Swabra aliuliza.

"Kuna kitu dhaifu huko chini. Nikikibana kichujio zaidi tutakisikia."

"Wakitakia nini, baba Asmaa?"

Kesho yake akabana zaidi. Jioni hiyo sebule ilinuka mwani uliooza, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Swabra alikuwa akikunja nguo, na binti yao Asmaa, wa miaka minne, alikuwa akicheza mkekani. Ndipo redio ikaita, kwa sauti ya mwanamke, taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Asmaa."

Juma lililopita Swabra alikuwa amemfinya mtoto kwa kumwitikia bibi yake "nini?" Asmaa hakutaka kufinywa tena. Akainua uso, akaitika vizuri kama alivyofunzwa.

"Abee."

Mshale ukaruka hadi mwisho, ukatulia.

"Nani huyo, mama?" Asmaa alitaka kuuliza, lakini kinywani mwake hamkutoka neno, ulitoka mvumo, shhhh, ule ule mvumo wa redio ambao Hashim aliuchuja, na mtoto akashika koo lake na kulia bila sauti ya kulia, huku ndani ya redio, safi kabisa, bila chembe ya kelele, sauti yake mwenyewe ikiitika, abee, abee, abee, kana kwamba huko aliko anaitwa na wengi.

Hashim aling'oa waya ukutani. Redio haikunyamaza.

Walimwita Mzee Ruwa, mganga wa mtaa wa pili. Hakuvuka kizingiti. Alinusa tu.

"Mlichuja nini humu?"

"Kelele, mzee," alijibu Hashim.

"Kelele ilikuwa yamziba njia huyo aitaye. Mkamfungulia. Na mtoto kaitika mtu asiyemwona, saa ya Magharibi." Akamgeukia Swabra. "Hukumfunza hilo?"

"Nilimfunza adabu, mzee," Swabra alisema, akainama.

"Toeni hicho kichujio. Rudisheni kelele zote. Zikijaa, mwite wewe uliyemzaa. Akikuitikia wewe, ni wako."

Hashim akang'oa kichujio, kisha akabisha hodi kwa Kyalo.

"Kaka, washa mashine. Nakuomba."

"Aa! Juzi ulinifokea kwa kelele, leo unakuja kuziomba?" Kyalo alicheka. Kisha akamwona Asmaa begani kwa babake, akivuma. Hakucheka tena. Alivaa miwani yake, akashika kipande cha chuma.

Cheche zikaruka. Sebuleni redio ikakohoa, ikapiga kelele. Swabra alimshika mwanawe mashavu, akaita. Mvumo. Akaita tena, na redio ikaita pamoja naye, kwa sauti yake yeye, jina lile lile, na mtoto akatazama huku na huku asijue mama ni yupi, hadi Swabra alipoufunika uso wake mdogo kwa kanga aliyojifunga, yenye harufu ya maziwa na moshi, akaita mara ya mwisho.

"Abee, mama," ilisema kanga.

Mtoto ni mzima. Redio imefungwa ndani ya gunia, haina waya wala betri. "Lakini wallahi, wifi," Swabra aliniambia, "nikifungua gunia, ule mshale bado wapumua."

Nilirudi kwangu jioni, sikumwambia mtu. Asubuhi yake, nikikuna nazi jikoni, mama mkwe wangu, ninayeishi naye, akaniita kwa jina langu. Sijawahi kuitwa naye nikakaa kimya. Abee ilikuwa imeshafika ulimini. Niliuma mdomo, nikaenda chumbani kwake polepole.

Alikuwa amelala, kinywa kimefumbwa.

Nikarudi jikoni, nikawasha redio yetu ndogo mahali pasipo na idhaa, nikaifungua sauti hadi mwisho, nikaiacha ivume.