Chupa Mbili za Penisilini

Sindano ya kioo iligongagonga ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ti-ti-ti, na nje bado giza. Mbula aliketi kitandani, bintiye Kanini amemlalia mapajani, jipu limemwiva shingoni. Nzioka alikuwa amechutama jikoni, baiskeli aliyoendesha kutoka Thika hadi Ruiru imeegemea mlango.

Walikuwa wamekutana stesheni ya Thika, mapema mwaka huo wa 1957, Mbula na gauni lake la maua ya manjano, Kanini mgongoni, akipenya umati.

"Dada, polepole! Utanimwagia vijidudu," Nzioka alifoka, amekumbatia sanduku la maabara ya hospitali.

"Kwani wewe unafuga vijidudu?"

"Nawafuga, nawalisha dawa, naona nani anakufa."

"Na wasiokufa?"

"Hao ndio wananinyima usingizi. Sasa na wewe umeongezeka."

Mbula alicheka mpaka garimoshi likamwacha.

"Dawa umetoa wapi?" Mbula alimuuliza sasa, sindano ikichemka.

"Ni yangu. Si nilikatwa na kile kisahani cha vijidudu kilichovunjika? Daktari aliandika siku tano. Tatu zimetosha. Tazama kidole, mpenzi, kimepona."

Chupa mbili zilizobaki zikaingia mwilini mwa Kanini. Jipu likakauka.

Kisha Nzioka akapotea. Wiki mbili. Mbula alipiga simu maabara kutoka dukani.

"Amesema usipige tena," sauti ikajibu.

"Amepata mwingine?"

Simu ikakatwa. Mbula alilia, akamtukana, akaosha gauni la manjano akalificha.

Jumapili akaja Wambua, mwenzake Nzioka wa maabara, kofia mkononi. "Shemeji, mkono wake umevimba mpaka kwapani. Alitukataza tusikwambie, anaogopa kumwambukiza mtoto. Tumeotesha usaha wake, tukaweka penisilini katikati. Vijidudu vimeota mpaka vikaigusa dawa; haiviui tena."

Mbula alimbeba Kanini mgongoni, akaenda Thika. Alimwona Nzioka kupitia dirisha la chumba cha pekee, midomo imekauka.

"Mwongo wee! Ulisema umepona!"

"Mtoto alikuwa analia, Mbula."

"Na ulijua!"

"Nilijua. Kila siku nawaona vijidudu, dawa ikikatizwa, wakibaki wachache, wakirudi wakali." Alivuta pumzi. "Mbuzi wa mahari wa kupeleka kwenu nilishawachagua. Nani sasa atawapeleka?"

Mbula alikimbilia mlangoni. Nesi akamzuia kwa mkono.

"Hali yake ni mbaya. Wa nyumbani kwake tu. Wewe ni nani wake?"

Mbula alifungua mdomo. Hakuna mzee aliyekaa, hakuna mbuzi aliyevuka lango la baba yake.

Kanini akachungulia juu ya bega la mamaye.

"Tumekuja kumwona baba."