Mpango wa Bustani Uliohama

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Iribagiza aliingia katika chumba cha kompyuta cha shule yao huko Nengo na kufungua mpango wa klabu ya bustani. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa klabu hiyo. Jumanne moja alishtuka. Kazi ya kubeba mbolea, aliyoipangia Jumatano, ilikuwa imehamia Jumatatu ya wiki iliyofuata. Miche ya kabichi ilikuwa imeshaanza kunyauka kitaluni. Isingeweza kusubiri.

"Nani amegusa mpango wetu?" alijiuliza.

Akakumbuka kwamba jana alimwona Tuyisenge, kiongozi wa klabu ya mitaro inayochimba njia za maji ya mvua, akitoka humo peke yake. Wakati wa mapumziko alimwona tena akinong'ona na wenzake. Walipomwona, wakanyamaza. Basi, hakuwa na shaka tena, akamwendea.

"We Tuyisenge, kwa nini umebadilisha siku zetu?"

"Mi? Sijagusa kitu chenu! Niliandika kazi yetu tu."

"Muongo!"

Iribagiza alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Evode, msimamizi wa klabu zote. "Mwalimu, Tuyisenge anatuharibia mpango. Anyang'anywe neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta."

Mwalimu aliwaita wote wawili mbele ya kompyuta.

"Jana jioni niliunganisha mipango yenu ikawa mpango mmoja," alisema. "Shule ina toroli mbili tu. Programu ikiona hazitoshi, husogeza kazi moja mbele. Niliitanguliza mitaro kwa sababu ya mvua. Tuyisenge ameomba toroli moja, Alhamisi na Ijumaa. Wewe umeomba zote mbili, Jumatano mpaka Ijumaa. Unazihitaji siku ngapi hasa?"

Iribagiza aliinamisha kichwa.

"Siku moja, Mwalimu. Niliogopa wengine watazichukua."

"Haya, andika ukweli."

Aliandika Jumatano peke yake. Papo hapo kazi yake ikarudi mahali pake. Akamgeukia Tuyisenge. "Nisamehe. Nimekuita muongo, kumbe mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Bon, sawa, yameisha," Tuyisenge alijibu, ingawa bado alikuwa amenuna kidogo.

Jumatano mbolea ilibebwa, na kabichi zikapandwa kabla ya mvua.

"Kompyuta hupanga kwa yale tunayoiambia," Mwalimu Evode aliwaambia wanaklabu bustanini. "Ombeni mnachohitaji, msizidishe. Na kabla ya kumshuku mwenzako, kagua kwanza ulichoandika wewe."