Solo ya Marehemu Mugisho

Mmeshiba wali wangu, sasa mnataka na hadithi. Mngeniacha nisinzie. Hii ya Mansur hunipandisha hasira mpaka leo. Haya, kaeni, na mtu asiniulize kama majini wapo. Kamuulizeni Mansur.

Mansur alikuwa na duka la vipuri Kisenyi, nyumba Old Kampala, na ugonjwa mmoja: santuri. Mwezi ule peke yake alikuwa ameingiza ndani kumi na tisa, zote za bendi za magitaa za Kongo, nyingine hata waliozipiga wameshazisahau. Mkewe, Mahfudha, anaosha sufuria. Yeye anaosha santuri kwa sabuni ya mtoto na kuzipangusa kama uso wa bibi harusi. Mahfudha aliwahi kumwambia kwamba laiti angezaliwa na tundu katikati, labda naye angepanguswa.

Ijumaa moja, jua likielekea kuzama, Mansur aliingia na santuri ndogo ameificha ndani ya kanzu, kama mwizi wa kuku. Ilikuwa ya Wana-Ruzizi, bendi aliyoipenda kuliko zote. Akaiweka kwenye mashine ya santuri. Ngoma ikaja, besi ikaja, gitaa la ridhimu likaja. Pale gitaa la solo linapotakiwa kuingia, kimya. Pengo, kama jino lililong'oka. Akasafisha sindano, akarudia. Kimya.

Kisha solo ikalia jikoni, ndani ya sufuria tupu.

Mahfudha alidhani ni redio ya jirani. Jumamosi, saa kumi kamili ya jioni, ikalia ndani ya pipa la maji, na nyumba ikanuka mkaa uliomwagiwa maji, ile harufu ya msibani watu wakishapika wakaondoka. Jumapili saa kumi haikulia kwenye sufuria wala kwenye pipa. Mahfudha akamshukuru Mungu, akaenda kumwita binti yao Firdaus, wa miaka sita, aje anywe chai, akamkuta mkekani ameukodolea macho ukuta, mkono wa kushoto umeinuka hewani na vidole vinabonyeza nyuzi zisizokuwepo, vinapanda, vinashuka, vinapanda tena, na kila vikibonyeza solo inasikika wazi kutoka kifuani mwa mtoto aliyefunga mdomo, na Mahfudha alipoushika mkono ule auteremshe aliona ncha za vidole zimepasuka, zinachuruzika damu, na mtoto hakulia, alisema tu, kwa sauti nzito ya mwanamume aliyechoka, "Sijamaliza."

Mahfudha alimfuata mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Baba Firdaus, ile santuri umeitoa wapi?"

"Nimenunua."

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

Ikambidi aseme. Mpiga solo wa Wana-Ruzizi, mkimbizi mmoja aitwaye Mugisho, alikuwa amefariki mtaa wa Kawempe. Mjane wake, Perpétue, aliipiga santuri hiyo kila siku saa kumi, mara moja tu, mpaka arobaini itimie na matanga yavunjwe. Nakala nyingine haikuwepo. Mansur alikwenda kuiomba. Perpétue akamjibu kwa upole asubiri, siku zilibaki tatu, huenda angepewa hata bure. Lakini Mansur aliogopa mpenzi mwingine wa santuri asije akamtangulia. Basi akakaa, akatoa pole, akala maharage yao. Maharage ya wafiwa, jamani! Saa kumi watu wote wakiwa uani, alijipenyeza ndani akainyakua santuri ikiwa inazunguka, kabla solo haijaingia. Waliokuwa nje walidhani umeme umekatika. Kawempe, nani angeshangaa?

Jumatatu asubuhi akaitwa Shehe Sufian. Alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Akisoma, vidole vya Firdaus vinatulia; akinyamaza kuvuta pumzi, vinaanza upya, na damu kwenye mkeka inaongezeka. Mwisho akafunga kitabu.

"Jini mwizi ningemfukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ndiye aliyeibiwa. Nimfukuze aende wapi?"

Mansur akasema atamtuma mtu wa boda airudishe. Mahfudha akambeba mtoto mgongoni, akamwambia, "Utaibeba kwa mkono ule ule ulioiba."

Walifika Kawempe kabla ya saa kumi, na siku yenyewe ndiyo ya arobaini. Perpétue hakupiga kelele. Alikuwa amekaa kando ya mashine iliyofunguliwa, sahani yake inazunguka bila santuri. Aliipokea santuri, akaifuta kwa khanga.

"Mtoto ataachwa," alimwambia Mahfudha. Kisha akamgeukia Mansur. "Lakini anayemkatiza mpigaji humlipa, na malipo anachagua mpigaji mwenyewe."

Akaweka sindano. Ngoma, besi, ridhimu, halafu solo ikapanda mahali pake, tamu, watu uani wakaanza kulia. Mkono wa Firdaus ukaanguka. Akalia kama mtoto, kwa maumivu, akimwita mama yake.

Mansur peke yake alikuwa ameinamia mashine, ametega sikio. "Mbona solo bado kimya?" akauliza.

Sasa ana santuri mia nne ukutani. Adhana anaisikia, honi anazisikia, matusi ya mkewe anayasikia vizuri sana. Gitaa, hata moja, hapana. Kila Ijumaa huweka mojawapo, akasikia ngoma na sindano ikikwaruza, kisha akamwita Firdaus.

"Mama, solo imeingia?"

"Imeingia zamani, baba," mtoto humjibu. "Inakwisha."